Desemba ndiyo msimu dukani: Majilio nitayaishije?

*Swali:* Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nina duka la nguo za watoto Kariakoo. Desemba ndiyo inayonilipia kodi ya fremu, kwa hiyo nafungua mapema, nafunga usiku, na Jumapili nafungua pia. Tarehe 22 au 23 tunafunga mizigo kwenda Rombo. Kila mwaka Majilio yananipita hivyo hivyo: jumuiya inasali novena, sala ya siku tisa, mimi sipo, maungamo nakuta foleni imefika getini, na Misa ya mkesha nasinzia. Wanajumuiya wenzangu wengine wanafunga kama Kwaresima na wananiambia ni lazima. Watoto nao wanataka mti uwekwe na nyimbo za Noeli zipigwe tangu Novemba. Nifanye nini ili safari hii nijiandae kiroho kweli?

*Jibu:* Milele na milele, Mama. Pole na mihangaiko ya msimu.

Nianze na kufunga, maana naona ndiko kunakokukosesha amani. Si lazima. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1250 na ya 1251, zinataja siku za toba kuwa ni Ijumaa za mwaka mzima na kipindi cha Kwaresima, na kufunga kwa lazima kumewekwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Majilio hayamo. Anayefunga kwa hiari yake afunge, na Mungu amjalie, ila asimtwike jirani mzigo ambao Kanisa halikumtwika.

Wenzako hawakulizua hili, hata hivyo. Katika karne ya 5 Askofu Perpetuo wa Tours, katika nchi tunayoiita leo Ufaransa, aliwaagiza waamini wake wafunge siku tatu kwa juma kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Waorthodoksi mpaka leo wana mfungo wa siku arobaini kabla ya sikukuu hiyo. Kwetu sisi kalenda ya liturujia iliyotoka mwaka 1969 inayaeleza Majilio kuwa kipindi cha kungojea kwa ibada na kwa furaha. Ndiyo maana Aleluya haikomi kuimbwa, tofauti na Kwaresima, na Dominika ya tatu padre anaweza kuvaa rangi ya waridi. Utukufu tunauacha siku za Dominika, nao unarudi usiku wa Noeli, kwa kuwa ni wimbo ulioanzwa na malaika usiku ule. Ukiusikia tarehe 8 Desemba usishangae: hiyo ni sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na sherehe ina taratibu zake.

Sasa kwenye kiini cha barua yako. Unaniandikia kama mtu anayeamini kwamba Majilio yako mahali pengine, jumuiyani au kanisani, na duka ndilo linalokuzuia usiyafikie. Hapo ndipo ninapokupinga, Mama. Fungua Injili ya Dominika ya kwanza ya mwaka A (masomo yetu ya Dominika huzunguka miaka mitatu: A, B na C), Mathayo sura ya 24. Bwana anaeleza siku ya kuja kwake, na watu anaowataja ni akina nani? Wawili wako kondeni. Wanawake wawili wanasaga. Mmoja anatwaliwa, mmoja anaachwa, na wote wawili walikuwa kwenye jiwe lilelile la kusagia. Hakuna aliyeambiwa aache unga akakeshe mahali pengine. Kilichowatenganisha hakikuwa kazi, maana kazi ilikuwa moja.

Kisha twende mtoni Yordani, Luka sura ya 3, Injili ya Dominika ya tatu ya mwaka C. Hata kama mwaka huu hatusomi mzunguko huo, isome wewe nyumbani, kwa sababu swali lako limo mle kama lilivyo. Makutano wanamwuliza Yohane Mbatizaji, "Tufanye nini basi?" Wanakuja watoza ushuru, nao wanauliza hivyo hivyo. Wanakuja askari, vilevile. Yohane mwenyewe ni mtu wa jangwani, anakula nzige na asali ya mwitu. Ungetegemea awaambie, acheni kazi hizo chafu mje mkae na mimi huku. Hakusema hivyo. Kwa watoza ushuru: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Kwa askari: msidhulumu mtu, msimshitaki mtu kwa uongo, mtoshewe na mishahara yenu. Kila mmoja alirudishwa kazini kwake akiwa na jibu linaloingia moja kwa moja kwenye yale anayoyafanya kila siku. Angekuja mwenye duka la Kariakoo, naamini naye angerudishwa kwenye fremu yake. Swali ni angerudi na maneno gani.

La kwanza ni bei. Sisemi kwamba kupandisha bei Desemba ni dhambi kwa sababu tu ni Desemba. Mzigo ukipanda bei kwa muuzaji wa jumla, nawe utapandisha, na kupatana bei ni desturi ya soko letu ambayo hata mteja anaifurahia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inagusa mahali penyewe: inataja, miongoni mwa njia za kuvunja amri ya saba, kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mtu mwingine. Unajua vizuri kuliko mimi ninayemzungumzia. Ni yule mama aliyeshuka basi kutoka mkoani jana, anashangaashangaa, hajui gauni la mtoto linauzwaje. Ukimtajia bei mara mbili atapunguziwa kidogo, atalipa na atashukuru. Mwenyeji wa Ilala ungemwuzia kwa nusu. Jiwekee kanuni kwa juma hizi nne: bei ya mwisho ninayoweza kumpa mwenyeji, na mgeni ataipata. Kanuni hiyo itakugharimu fedha halisi, na kuhusu hilo sikudanganyi. Namba hiyohiyo ya Katekisimu inataja pia kukwepa kodi, kwa hiyo lile swali la "unataka na risiti au bila risiti?" tusiliweke nje ya mazungumzo yetu ya kiroho.

La pili ni binti wa dukani. Hukumtaja katika barua yako, lakini najua yupo, maana hakuna mtu mmoja anayeweza kuendesha fremu ya Kariakoo Desemba peke yake. Unafungua mapema, naye anafungua mapema; ukirudi usiku, naye anarudi usiku, pengine mbali zaidi na kwa daladala mbili. Je, amelipwa Novemba? Nauli ya sikukuu unampa lini, siku ya kufunga duka au baada ya wewe kurudi Januari? Katika mwaka A, Dominika ya tatu, tunasoma Waraka wa Yakobo 5:7 na kuendelea, maneno matamu ya mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho, nasi tuliozoea vuli na masika tunaitikia kwa vichwa. Mistari mitatu tu juu ya hapo, ambayo haisomwi siku hiyo, Yakobo anasema hivi: "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele." Mvua na mishahara viko katika sura moja. Nakuomba uisome yote.

Binti huyo ana Dominika yake pia. Kanisa linatutaka tusiwawekee wengine kazi zisizo za lazima zitakazowazuia kuishika siku ya Bwana. Ni namba 2187 ya Katekisimu. Ukisema Jumapili za Desemba huwezi kufunga, nakuelewa, lakini mnaweza kupokezana. Mmoja aende Misa ya kwanza asubuhi na mwingine aende ya mchana, au mmoja aende Jumamosi jioni, kwani Misa ya jioni ya siku iliyotangulia inatimiza wajibu wa Dominika (kanuni ya 1248). Kama binti si Mkristo, apate nusu siku ya kupumzika hata hivyo. Mwili wake unachoka kama wako.

Na la tatu, nimelichelewesha makusudi. Jibu la Yohane kwa makutano, kabla hajafika kwa watoza ushuru, lilikuwa hili: "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu." Mama, wewe unauza kanzu! Wengine tukiusikia mstari huu tunafikiria kabati. Wewe una stoo. Desturi ya wengi ni kusubiri msimu uishe, kisha yale mabaki, saizi zisizotoka na rangi zilizopauka, ndiyo yanapelekwa kwa yatima. Geuza utaratibu. Toa mwanzoni mwa Majilio, toa nguo ambazo zingeuzika, idadi unayoweza kuibeba bila kuyumbisha mtaji. Ongea na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa parokia yako au mwenyekiti wa jumuiya. Wao wanajua nyumba gani ina watoto ambao Noeli watakaa ndani kwa sababu hawana cha kuvaa kanisani. Wapelekee wao wagawe, jina lako lisitajwe.

Unaona sijakutaja novena bado. Si kwamba naidharau. Ila nimekaa kwenye kiti cha maungamo Desemba nyingi, na ninachokisikia mara kwa mara, bila kumgusa mtu yeyote, ni Wakristo wanaojilaumu kwa kukosa ibada za hiari na kupita haraka sana juu ya haki waliyomnyima mtu. Tukishaweka haki mahali pake, sala inapata pa kukaa.

Kwa sala yako nakupa moja tu, na nakusihi usiongeze nyingine mpaka hiyo iwe imeshika: Malaika wa Bwana. Ni sala ya Majilio kuliko nyingi, kwa kuwa yote ni habari ya Nazareti: "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria," kisha "Neno la Mungu akatwaa mwili, akakaa kwetu." Inasaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, nayo haizidi dakika tatu. Ugumu ni wa kukumbuka, hasa mchana duka likiwa limejaa. Lakini Kariakoo umebarikiwa kitu ambacho watawa wengi hawana: saa sita na dakika zake, adhana inaadhiniwa kutoka misikiti iliyokuzunguka, na majirani zako Waislamu wanaacha mizani na kwenda kuswali bila kumwomba mteja radhi. Hakuna anayewashangaa. Adhana hiyo ikukumbushe na wewe. Simama nyuma ya kaunta, sali kwa sauti ya chini, mteja atasubiri.

Kwa Misa za siku za juma, nina neno dogo la pembeni. Wapolandi wana desturi ya kwenda Misa ya Majilio kabla ya mapambazuko wakiwa na mishumaa na taa mkononi, na Wafilipino wana Misa zao za alfajiri kuanzia tarehe 16 Desemba, makanisa yanajaa hadi nje. Wanazisimulia kwa fahari. Sisi parokia zetu nyingi zina Misa ya alfajiri siku za kazi mwaka mzima, na tunaipita tukiwahi daladala! Siku moja katika juma, chagua yoyote, ingia.

Maungamo. Nikuambie wazi, ile foleni inayofika getini ni ya watu waliosubiri hadi wiki ya mwisho. Ungama juma la kwanza au la pili. Hakuna kanuni inayosema maungamo ya Noeli yafanyike karibu na Noeli, na ukitubu mapema unapata juma mbili tatu za kuishi ulichokiahidi, badala ya kuondoka kitubioni moja kwa moja kwenda kwenye pilau. Si lazima iwe parokia yako. Kutoka Kariakoo, Msimbazi si mbali, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Kivukoni linafikika. Uliza ofisini saa za maungamo, au mwendee padre baada ya Misa ya asubuhi umwombe. Hatakukatalia akiwa na nafasi. Kwa kutafiti dhamiri, tumia yale mambo matatu niliyoyataja juu. Kama kuna mteja uliyemdhulumu na unamjua, mrudishie kwanza. Kama humjui, mwambie padre muungamishi, naye atakuelekeza namna ya kufidia kwa maskini.

Ukifika kwenye safari, hapo ndipo naona una neema ambayo wengi wa Dar es Salaam hawana. Watu hututania sisi wengine, na ninyi hasa, kwamba Desemba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo umetoka Luka sura ya 2 moja kwa moja, na anayeutoa mara nyingi hajui amenukuu Injili. Yosefu naye alikwenda mji wa ukoo wake kuhesabiwa.

Kuanzia tarehe 17 Desemba liturujia inabadilika. Mpaka tarehe 16 masomo yanaangalia zaidi kuja kwake Kristo mwisho wa nyakati. Kutoka 17 mpaka 24 yanageukia Bethlehemu, na kila siku ina Injili yake isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Tarehe 17 ni orodha ya ukoo wa Yesu, Mathayo 1:1-17. Tarehe 18 ni ndoto ya Yosefu. Tarehe 19 ni Zakaria hekaluni, asiyeamini akawa bubu. 20, malaika kwa Maria. 21, Maria kwa Elisabeti. 22, wimbo wa Maria. 23, kuzaliwa kwa Yohane. Na asubuhi ya 24, wimbo wa Zakaria aliyefunguliwa kinywa. Ni vipande vifupi. Simu yako ina Biblia, au weka Agano Jipya kwenye mkoba. Hii ndiyo novena yako, Mama, au tuseme pungufu ya siku moja, na inasaliwa hata kwenye basi kutoka Mbezi mpaka milimani. Uwasomee watoto, Zakaria aliyekuwa bubu huwachekesha.

Lakini ile ya tarehe 17 usiiruke kwa sababu imejaa majina. Ni kikao cha ukoo kilichoandikwa. Humo wamo wafalme, na humo wamo Tamari aliyejifanya kahaba ili apate haki yake kwa mkwewe, Rahabu wa Yeriko, Ruthu mgeni kutoka Moabu, na mwanamke ambaye Mathayo hakumtaja hata kwa jina, "mke wa Uria", ili tusisahau Daudi alimfanyia nini Uria. Mathayo angeweza kuificha aibu hiyo. Hakuificha. Mwokozi alikuja kupitia ukoo uliokuwa na kesi.

Nawe unakwenda kwenye ukoo. Mwezi wa Desemba huko Kilimanjaro ndio wa vikao, harusi, Misa za kuwaombea marehemu, na mbege. Na ndio mwezi ambao ugomvi wa kihamba, shamba la ukoo, huamka. Kaka hasemi na kaka tangu baba alipozikwa, mpaka wa shamba umesogezwa, dada ameambiwa yeye ameolewa hana sehemu. Sijui ya kwenu yakoje, wala hukuniandikia, lakini ni nyumba chache zisizo na jambo. Kama lipo, hilo ndilo tayarisho lako la juma la mwisho, kabla hata ya kupika. Bwana alisema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane na ndugu yako kwanza, kwa hiyo hutakuwa umekosea utaratibu wa ibada.

Mna jani lenu la isale. Nimefurahi kila nilipolishuhudia likifanya kazi: mkosaji akilileta kuomba msamaha, aliyekosewa anabanwa na mila, hawezi kulikataa hivi hivi. Na isale hilohilo ndilo linalopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Ni jani moja lenye kazi zote mbili, kuweka mpaka na kumaliza ugomvi! Kwa hiyo, badala ya kununua shada la plastiki la Majilio, fanya lako. Desturi ya shada ilianzia Hamburg, Ujerumani, kwa mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839, aliyewawashia mishumaa watoto wa makao yake waliokuwa wakimuuliza kila siku Noeli itafika lini. Wakatoliki tukaipokea baadaye. Haina sheria kali: duara la majani mabichi na mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu, zambarau ikikosekana, minne myeupe inatosha. Kama kuna masale nyumbani kwa jirani, zungushia hayo. Kila Jumapili jioni washeni mshumaa mmoja zaidi, someni Injili ya siku, salini Baba Yetu, basi. Na wakiuliza kwa nini masale, waeleze. Halafu wakuone Rombo ukilipeleka mahali linapotakiwa.

Ulitaja watoto. Wana haki ya furaha yao, tusiwanyime kwa kisingizio cha liturujia. Mti si dhambi hata kidogo kuwekwa Majilio: pale uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatikano, mti umekuwa ukisimamishwa tangu mwaka 1982, enzi ya Papa Yohane Paulo wa Pili, na taa zake huwashwa Desemba, siku nyingi kabla ya Noeli. Novemba ndiyo mapema mno kwa maoni yangu. Mpango ninaoupenda ni huu: pango lijengwe kidogo kidogo, ng'ombe na kondoo kwanza, Maria na Yosefu wawekwe mbali chumbani na kusogezwa kila siku, na hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24. Mtoto mdogo anaelewa kungoja akiliona hori tupu kuliko nikimhubiria. Kwa kuwa mtakuwa safarini, beba sanamu chache ndogo kwenye mfuko. Za udongo mlizofinyanga wenyewe ni bora zaidi. Mtakatifu Fransisko pale Greccio mwaka 1223 hakuwa na sanamu kabisa. Alitumia hori lenye nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, na migomba ya Rombo ina vyote hivyo isipokuwa labda punda.

Nyimbo nazo: spika za Kariakoo huwezi kuzizima, na wala usigombane nazo. Nyumbani na kwenye gari lenu, nyimbo za Majilio hadi tarehe 24. Kwa walio kwenye kwaya, Mwongozo wa Misale ya Roma unaomba hata ala za muziki, na maua ya altareni, vitumike kwa kiasi katika kipindi hiki. Kinanda na ngoma vitapata siku yao.

Jambo moja la kalenda kabla sijafunga, maana linawaumiza wasafiri. Dominika ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo Majilio hayana urefu mmoja. Noeli ikiwa Jumatatu, kama ilivyokuwa mwaka 2023, Dominika ya nne ni tarehe 24 yenyewe, na kipindi kizima ni siku 22 tu. Mwaka wa namna hiyo kuna wajibu wa Misa mbili, ya Dominika na ya Noeli, na Misa moja ya Jumapili usiku haizimalizi zote mbili. Angalia kalenda ya ukutani mapema Novemba, kabla hujakata tiketi.

Kuhusu kusinzia kwenye Misa ya mkesha, usijitese. Kama umefika jana usiku kwa basi na umeshinda jikoni, lala, uende Misa ya asubuhi ya tarehe 25. Ni Noeli kamili. Na Noeli haiishi tarehe 26 nyama inapokwisha. Oktava yake, siku nane za kuiadhimisha, inakwenda hadi tarehe 1 Januari, sherehe ya Maria Mama wa Mungu, na kipindi kinaendelea kupitia Tokeo la Bwana hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Msimu wako wa duka utakuwa umekwisha, wateja wako wanahangaikia ada za shule, na wewe ndiyo kwanza una nafasi. Ukirudi Dar es Salaam usiubomoe mti wala pango. Novena uliyoikosa jumuiyani waombe wakupe kitabu, uisali ndani ya siku hizo na binti wa dukani kama atapenda, na yule paroko ambaye hakukuona Desemba umwendee ofisini na zaka yako ya msimu.